Matairi Mapya Yalipopanda Kirua

Jumamosi sokoni Mbuyuni watu walikuwa wamefurika, na tairi la Elisifa likachagua palepale kupasuka. Pwaa! Mwenyewe, fundi cherehani anayetoka Mabogini kila asubuhi kwa baiskeli kuja kazini mjini, alikuwa ndani ya gauni la njano lililomkaa sawasawa. Akaachia msonyo uliosikika mbali.

“Dada, hilo tairi umelirithi kwa babu?” aliuliza Remigius, muuza matairi, kijana mrefu mwenye meno meupe.

“Wewe uza, usiniulize ukoo wangu.”

“Ukoo nitauuliza baadaye. Leo nakufungia jozi mpya.”

Elisifa akacheka. Hapo ndipo alipokwisha, maskini.

Zikaanza simu. “Kipenzi, matairi yanasemaje?”

“Yanasema muuzaji wake mwongo, aliahidi kunipigia mchana.”

Mvua zikaja zikaisha, penzi likazidi kunoga. Siku moja Remigius akamwambia, “Niachie baiskeli kesho, mama. Yale matairi tope la Mabogini yameliweza, sasa nataka niyajaribu mlimani.”

“Mlima gani?”

“Acha udadisi.”

Kesho yake Kindness, mshonaji mwenzake Elisifa, akampigia simu huku anahema. “Shoga, niko Kirua Vunjo. Remi wako kampakia mwanamke kwenye baiskeli yako! Kajitanda khanga mpya, kamshika kiuno!”

“Kirua? Kwetu?”

“Kwenu, chini ya pua za wazazi wako!”

Elisifa hakuuliza swali la pili. Remigius alipopiga, akakata. Alipopiga tena, akazima simu kabisa. Jamani, si angeuliza tu! Lakini mtu mwenye hasira humwambii kitu. Hakutaka maelezo. Alitaka kulipiza, tena mbele za watu.

Asubuhi akavaa gauni jekundu, akapaka rangi ya mdomo, akawasha simu na kuchukua mkasi wa kazini, ule mkubwa. Alikuta baiskeli yake imeegemezwa nje ya duka la Remigius, imeoshwa inang'aa. Wateja wamejaa.

“Njooni muone matairi ya tapeli!” akapaza sauti. Akalichoma mkasi la mbele, akalichoma la nyuma, kisha akanyooshea kidole yale yaliyoning'inia dukani. “Bandia yote! Na mwenye duka bandia!”

Wateja wakaanza kuondoka. Remigius alisimama tu, mikono imejaa grisi. Elisifa alisikia raha, raha kabisa.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, mbona hukutuambia? Jana kaja kijana wako Remigius na shangazi yake, Evelyn, wameleta pombe ya posa, mbege yenyewe. Kampakia shangazi mtu mlima wote ule kwa baiskeli! Baba yako ameipokea, tangu jana anacheka peke yake.”

Mkasi ukamponyoka.

Jumapili Elisifa alipanda kwao Kirua, akachuma isale, jani ambalo Mchagga akiletewa hana budi kusamehe, hata kosa liwe zito namna gani. Jumatatu akapiga magoti mbele ya duka la Remigius. Hakukuwa na mteja hata mmoja.

“Remi, nisamehe. Shetani alinipitia.”

Remigius akalipokea jani kwa mikono miwili. Mila ni mila.

“Nimekusamehe, Elisifa. Toka moyoni.”

Elisifa akainuka haraka amkumbatie. Remigius akarudi nyuma.

“Ngoja. Isale linaleta msamaha, halileti ndoa. Shangazi yuko njiani kwenda Kirua kumwambia baba yako kwamba posa tumeifuta.”

“Si umesema umenisamehe!”

“Nimekusamehe. Lakini mke wa kunihukumu bila hata kuniuliza, simtaki.”

“Remi, mpenzi wangu, nakuomba…”

“Ulitaka watu waone,” alisema taratibu, kama anayempimia mteja tairi. “Haya, geuka. Wanaona.”

Elisifa akageuka. Watu wa sokoni walikuwa wamejaa kuliko siku ile ya mkasi, na machozi yakaanza kumtoka mbele yao wote.