Kicheko cha Peremende

Utandosura ulishuka juu ya uso wa mtalii kama utando wa maziwa unavyotanda juu ya chai. Kabla hajavuta pumzi ya kumi, bibi mzima wa Lagos mwenye wajukuu saba akawa msichana wa Harajuku, Tokyo: mashavu ya waridi yaliyojaa nyota, plasta ya rangi puani, machozi ya kumetameta chini ya macho. Kisha akacheka, na foleni nzima ya Mtaa wa Takeshita ikashangilia. Kicheko kile hakikuwa chake.

Mize Makame, fundi wa nyuso, alijifanya anafuta mashine. Kicheko kile alikijua tangu hakijaota meno. Kilikuwa cha Bikombo, mdogo wake.

Zama hizo watu hawakusafiri kwenda Japani kutazama mavazi ya mitaani. Walikwenda kuvaa nyuso zake. Asubuhi mtu alikuwa mwanasesere wa lesi nyeusi mwenye michirizi ya wanja, adhuhuri ana uso wa hudhurungi na macho yaliyozungushiwa rangi nyeupe, na jioni ana vibanio arubaini kichwani. Utandosura ulichora rangi hizo, na kwa umeme mdogo mno ulivuta misuli iliyo chini yake, ili mvaaji acheke na kununa kama pambo lilivyotaka. Ila mashine haikuweza kubuni kicheko. Wahandisi walijaribu, kikatoka kama cha mtu aliyebanwa na kiatu. Ikabidi kila pambo livaliwe kwanza na mtu hai, aishi nalo mwezi mzima mitaani huku utando ukijifunza uso wake. Mtu huyo walimwita uso mama.

Bikombo alizaliwa kwa kazi hiyo, au ndivyo watu walivyodhani. Utotoni, kwao Mwembetanga, Unguja, alikuwa akibandika karatasi za peremende kwenye buibui na kujichora nyota mashavuni kwa wanja wa mama yao, hadi mama akasema mtoto kapandwa na jini la Kijapani. Mize alipopata kazi katika Nyumba ya Nyuso Elfu, kule Harajuku, alimvuta. Bikombo akaenda, akimwacha nyuma mchumba wake Khatibu, ambaye alipenda kuwaambia watu kwamba yeye alichumbia kicheko, mwenyewe akaja nacho.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: baada ya mapambo saba, uso mama upumzike siku arubaini kama mzazi, maana kila funzo huchosha mishipa. Bikombo alipomaliza la saba, kipimamisuli kilionyesha pembe ya kushoto ya mdomo ikichelewa kidogo. Bwana Onodera, mkuu wa nyumba, mtu mpole, alisema uamuzi ni wa fundi. Hakuna aliyemlazimisha Mize. Ila pambo la nane lilikuwa limebuniwa naye, la kwanza kubeba jina lake, na alilitaka lionekane msimu ule ule. Akamwambia mdogo wake ule ni uchovu tu.

"Una hakika, Da Mize?"

"N'takudanganya wewe?"

Wakaliita Kicheko cha Peremende, na lilipotoka likavuma. Lakini kabla ya hapo, siku ya ishirini na sita ya kulivaa, Bikombo alikuwa akisimuliwa kisa na rafiki yake kibandani pa vitafunio. Kisa kilichekesha kweli. Alirudi kwa dada yake, akaweka mkono kifuani.

"Kinafika hapa," alisema, "hakipandi."

Madaktari walisema mishipa imekufa na haina dawa. Mize alimvika Bikombo utando wenye kicheko chake mwenyewe akitumai utauvuta mdomo. Rangi ziliwaka, nyota zikameta, mdomo ukabaki palepale. Bikombo hakupiga kelele. Aliomba jambo moja tu: Khatibu aambiwe kabla ya nikaha, na wa kumwambia awe Mize, kwa kuwa yeye mwenyewe hataweza. Mize akaapa.

Wakarudi Unguja. Siku ya kwanza Mize alijipa udhuru wa safari, ya pili wa wageni. Ya tatu alifika hadi mlangoni kwa Khatibu, akazungumza habari za viti vya kukodi, akarudi. Bikombo alizungumza na mchumba wake kwa sauti tu, akisingizia kwamba mwari haonekani kabla ya siku yake. Kila akimuuliza dada yake kama ameshasema, Mize alijibu kesho. Ijumaa baada ya swala ya alasiri, nikaha ikapita.

Bibi harusi wa pwani hachekicheki. Hukaa juu ya kiti amejipamba, macho chini, uso umetulia. Bikombo alikaa hivyo, kapakwa hina na wanja kwa mkono wa Mize, na wanawake wakamsifu somo wake, yaani kungwi, kwamba huyu kweli kafundwa. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa mchumaji alikuwa akipongezwa kwa upambaji. Mize alitamani ardhi immeze.

Ndipo akaingia Salha, binamu wa Khatibu, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, akirudi matembezini Tokyo. Utandosura wa Kicheko cha Peremende ulikuwa bado usoni. Akawaona wenziwe, akacheka: kishimo cha shavu la kushoto, macho yaliyofumba, ncha ya ulimi katikati ya meno. Khatibu, ambaye ndio kwanza aliketishwa kando ya mkewe, aligeuka kama aliyeitwa. Alitabasamu kabla hajajua anamtabasamia nani.

Kisha akamwinamia Bikombo, akamnong'oneza utani wao wa zamani, ule ambao haujawahi kushindwa. Akangoja. Vigelegele vikapigwa kwa haya za bibi harusi. Bikombo akainua macho, hakumtazama mumewe, alimtazama dada yake.

Mize akapanda jukwaani.

"Shemegi, usimngoje."

"Ana haya tu," Khatibu alisema. "Nyumbani atacheka."

"Hatacheka. Kicheko chake ni kile pale." Alimwonyesha Salha. "N'likichukua mie."

Khatibu alimtazama Mize, akamtazama mkewe, ambaye machozi yalikuwa yakishuka na wanja juu ya uso usiotikisika. Kisha akageuka polepole upande wa pili wa ukumbi. Salha, alipoona bwana harusi anamwangalia, akamchekea tena.