Uso Usiokauka

Lipu ya mtakatifu mmoja ilikataa kukauka. Ndivyo mambo yalivyoanza, na Joakimu alipogundua hakuogopa. Alifurahi, Mungu amsamehe.

Ilikuwa mwaka 1953, enzi za Mwingereza, katika kanisa jipya la misheni huko Nambis, nchi ya Wairaqw. Padre Alfredi alikuwa amemfundisha Joakimu uchoraji wa kale, wa makanisa ya Bizanti, dola ya zamani ya Wakristo wa mashariki, kutoka kwenye kitabu kilicholiwa na mchwa pembeni. Unapaka lipu ya chokaa kiasi cha kazi ya siku moja, unachora ikiwa mbichi, nayo ikikauka inaishika rangi moja kwa moja. Uso huanza na kijani cha giza, rangi ya maiti hasa, kisha unaongeza mwanga kidogo kidogo mpaka mtu atokee. Macho ni makubwa na yanakutazama wewe. Halafu, kabla jua halijazama, unaandika jina la mtakatifu kando ya kichwa.

"Bila jina si picha takatifu," Padre alisema. "Ni ukuta tu wenye macho."

Miezi miwili kabla ya hapo, Angela, binti pekee wa Joakimu, mwenye miaka tisa, alizama kwenye chemchemi chini ya kilima. Watu waliacha kuteka pale, wakisema mwenye chemchemi, pepo wa maji yale, amemtaka mtoto. Na kwa desturi ya Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto hukaa pembeni miezi mingi: hampeani mikono, hamli pamoja, hamgusi maji ya wenzenu. Padre aliiita desturi hiyo upagani, akamwamuru Joakimu arudi kazini. Kuamuru ni rahisi. Hakumwambia atateka wapi maji ya kukorogea chokaa, maana kisimani majirani walimzuia, tena kwa upole, wengine machozi yakiwalengalenga. Basi Joakimu akateka kwenye chemchemi ile ile.

Alitakiwa kumchora Mtakatifu Lusia. Mkono wake ukamchora Angela, na lile kovu dogo juu ya nyusi, na masikio yake ya kusimama. Jua lilipoanza kuzama hakuweza kuandika jina la mtu mwingine juu ya mwanawe, akashuka ngazi bila kuandika kitu.

Siku ya tatu lipu ilikuwa bado mbichi, naye akaendelea kumrekebisha mashavu. Siku ya tano kanisa likaanza kunuka tope na majani yaliyooza. Siku ya saba mkewe, Kornelia, alimletea uji, akautazama ukuta, na kibuyu kikamponyoka.

"Baba Angela," alinong'ona, "siku zote hizi umemficha huku?"

Tangu hapo hakukosa kuja. Alishinda chini ya ukuta akiongea polepole, akinyamaza, kisha akiitikia. Joakimu, juu ya ngazi yake, alisikia maji yakidondoka mahali pasipo na maji.

"Unaongea na nani, Mama Angela?"

"Taratibu, utamshtua. Anasema anasikia baridi. Anataka nikamfunike."

Mchana mmoja Joakimu alirudi kutoka kwenye tanuri la chokaa, akakuta nyayo za maji sakafuni, nyayo ndogo za mtoto zilizoanzia ukutani, na kando yake nyayo za mkewe, na zote zilitoka mlangoni zikashuka kilima, naye akazifuata mbio huku akiita, pumzi ikimkatika, mpaka akamkuta Kornelia ndani ya chemchemi, maji yamemfika kifuani, mkono mmoja umenyooka mbele kama wa mtu anayeongozwa, anacheka kicheko ambacho Joakimu hakuwa amekisikia tangu msiba, na alipomshika kiuno amvute, kitu kule chini nacho kilivuta.

Mzee Gidabuday, Mdatoga wa Gehandu aliyejulikana kwa kufukuza mapepo, alikuwa akinywesha ng'ombe wake chini kidogo. Desturi ya Wairaqw ya kutengwa haikumhusu. Alikuja, wakamtoa Kornelia pamoja, kisha mzee akataka kuonyeshwa ukuta, wakapanda kanisani wote watatu.

"Huyu anaitwa nani?" aliuliza, akinusa lipu.

"Lusia, mzee. Sijaandika. Uso ni wa mwanangu."

"Maji uliteka wapi?"

Joakimu aliinamisha kichwa.

"Basi umejenga nyumba ukaiacha bila mwenyewe," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Wa chemchemi ameingia. Andika jina la Lusia, atatoka. Lakini uso huu utakuwa wa Lusia, ninyi hamtauona tena, hata kichwani mwenu. Ukiandika la mtoto, atakaa daima, na mama atamfuata majini."

"Andika Angela," Kornelia alisema, akimshika mumewe mguu. "Nakuomba, Baba Angela. Mimi niache niende."

Joakimu alichovya brashi. Kutoka ukutani, karibu kabisa na sikio lake, ikaja sauti anayoijua: "Baba, usiniandike mtu mwingine." Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, lakini mkono haukusimama mpaka LUSIA ikaisha. Ukuta ukakauka palepale. Juu yake alikuwa msichana mzuri, mgeni kabisa.

Kornelia alimtazama sana. "Huyu ni nani?" akauliza.

Mwezi ukapita. Jioni moja, wakiwa uani, Kornelia alimpa mumewe kijiti. "Wewe ni mchoraji. Nichoree mwanangu hapa mavumbini. Kidogo tu, nimkumbuke."

Joakimu alichora duara la uso. Kisha mkono ukasimama. Alifumba macho akamtafuta, hakumpata. Wakati bado anamtafuta, ardhi ndani ya duara lile, katikati ya kiangazi, ikaanza kulowa.

"Angela?" Kornelia aliita, akipiga magoti.

Joakimu akalifuta kwa mguu, haraka, mpaka vumbi likarudi kuwa vumbi. Kornelia aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakumsamehe.