Busu la Tatu kwa Muuza Jibini

Busu la tatu ndilo lililonimaliza.

La kwanza, sawa. La pili, nikameza mate. La tatu… jamani, la tatu mchumba wangu alilibandika taratibu kwenye shavu la Maguelone, muuza jibini ya mbuzi, huku mwenzenu nimesimama na kikapu kama mpagazi!

Najua mtasema, "Lison, hiyo si salamu tu?"

Ni salamu. Huku kwetu milimani tunasalimiana kwa mabusu matatu, kuanzia shavu la kushoto, hata na fundi bomba.

Lakini Tanguy si wa huku! Yeye ni wa Brest, mji wa pwani ya mbali, na kwao moja linatosha. Miaka miwili namwimbia, "Matatu, mpenzi, matatu!" Anabusu moja, anarudi nyuma, mtu anabaki na shavu lake hewani.

Siku ya Pasaka alimfanyia hivyo bibi yangu Rosine, mbele ya ukoo mzima. Bibi ndiye aliyenilea. Akaapa kwamba harusini kwetu Septemba hakanyagi.

Sasa leo mtu huyohuyo anakwenda kushoto, kulia, kushoto, hakosei hata kidogo…

Nani kamfundisha?!

"Umeiva, kijana wangu!" Maguelone akacheka, akipangusa kisu chake. "Wiki iliyopita ulikuwa mkavu kama kuni."

Wiki iliyopita?! Wiki iliyopita aliniambia yuko kazini!

Masikio ya Tanguy yakawa mekundu.

Nilitaka kuuliza, "Mmejuana lini?" Sikuuliza. Mimi ni mtu wa aibu, sijui kugombana mbele za watu. Nikanunua aprikoti. Nikanunua zeituni. Macho yangu yote yalikuwa kwenye mashavu ya Maguelone, manene, yenye afya, ya mtu anayelala vizuri. Nikajigusa ya kwangu. Mifupa mitupu.

Tulipanga iwe siku ya raha: soko asubuhi, halafu tupande vijiji vya juu kimoja kimoja bila haraka.

Kijiji cha kwanza, mke wa muoka mikate akatoka mbio na unga mikononi.

Kushoto, kulia, kushoto!

"Leo hujanigonga pua!" akasema, akampigapiga begani.

Mungu wangu. Kumbe wako wawili!

Tukaingia garini. Tanguy anapiga mluzi, anaonyesha bonde, anasema angalia kunavyopendeza. Mimi naangalia unga wa yule mama kwenye shati lake.

Tulipoanza kupanda kwenda Montsauve, kijiji cha bibi, nikashindwa.

"Simamisha gari."

"Lison, unaumwa?"

"Simamisha!"

Akasimamisha. "Tufike juu kwanza. Ukifika utaelewa kila kitu."

Nitaelewa? Yaani na huko juu yuko mwingine?!

Nikavua pete ya uchumba, nikaitupia kwenye kikapu cha aprikoti.

"Mpelekee huyo wa juu!"

"Huniulizi hata neno moja?"

"Niulize nini? Nimeona kwa macho yangu!"

Nikaubamiza mlango. Nikapanda kwa miguu, jua la saa sita kichwani, huku nyuma yangu nasikia gari likigeuka na kushuka.

Bibi nilimkuta mlangoni amevaa blauzi yake ya Jumapili. Na leo ni Jumanne! Mezani kulikuwa na sahani tatu.

"Mwenzako yuko wapi?" akauliza.

Nikajitupa kifuani kwake nikilia. "Bibi, Tanguy ana wanawake! Muuza jibini, mke wa muoka mikate… anawabusu mbele yangu!"

"Anawabusu mangapi?"

"Matatu matatu!"

"Alianza shavu gani?"

"La kushoto! Bibi, hilo linahusu nini?"

Bibi akaketi.

"Ewe mtoto… mimi ndiye niliyemtuma."

"Ulimtuma wapi?"

Kumbe Tanguy alikuja peke yake kuomba radhi. Bibi akamwambia maneno matupu hayataki. Aende akajifunze kusalimia kwa Maguelone na mke wa muoka mikate, rafiki zake bibi, na leo wote wawili wakimpitisha, anilete tule pamoja, naye atamtolea shavu.

"Nikamkataza kukuambia," bibi akasema. "Nakujua ulivyo na huruma. Ungekuja kumwombea."

Akavaa viatu vyake vya kutokea, akanishika mkono, tukashuka.

Tanguy alikuwa chini ya kilima, amekaa kwenye ukingo wa birika kubwa la kufulia nguo, macho mekundu. Bibi akasimama mbele yake, akageuza shavu, akangoja.

Kushoto. Kulia. Kushoto.

"Vizuri," bibi akasema. "Harusini nitakuja."

"Asante, bibi," Tanguy akajibu polepole. "Lakini Septemba hakuna harusi."

Nikamshika mkono. "Nisamehe! Sikujua!"

"Najua hukujua. Miezi miwili nimejifunza salamu ya kwenu kama mtoto wa chekechea, kwa ajili yako. Wewe ulishindwa kuniuliza swali moja."

Hakunirudishia pete. Hakuitupa pia. Aliitia mfukoni, akapanda nasi, akala chakula cha bibi hadi mwisho bila kunitazama.

Sasa ni Oktoba. Kila Jumamosi Tanguy anakwenda kwa bibi, na mimi nakwenda. Jumanne iliyopita nilimkuta sokoni anacheka na Maguelone. Miguu ikataka kugeuka. Nikajilazimisha kwenda.

"Mnacheka nini?" nikauliza, sauti inatetemeka.

Tanguy akageuka.

"Njoo," akasema, akanisogezea nafasi pembeni yake. "Tukueleze."

Pete bado iko kwake, na sijaiomba.

Dada zangu mnaosoma hapa, wivu ukiwapanda, msihesabu mabusu. Ulizeni, hata kama sauti inatetemeka.