Kopo Alilolificha Mbuke

"Mbuke, umeniulia mtoto!"

Nilipiga ukelele, nusu ya mtaa wetu wa Lipangalala wakatoka nje...

Agnetha wangu, miaka sita, alikuwa mapajani kwangu. Mate yanamtoka kama povu. Jasho linamtiririka. Macho yamelegea!

Wamama wenzangu, naandika hii naona aibu. Ila nisipoandika sitakuwa na amani.

Siku hiyo mtoto aliniomba biskuti za chokoleti, zile zenye vipande vipande, aliziona kwenye simu ya mama yake mdogo. Oveni sina. Nikaweka mchanga kwenye sufuria kubwa, moto chini, makaa mengine juu ya mfuniko. Chokoleti nikaikatakata kwa kisu.

Siagi alinipa jirani yangu Mbuke, Msukuma, mfugaji, muuza maziwa. Kaitikisa mwenyewe kwenye kibuyu.

"Mpikie huyo mkwe wangu," akanitania. "Hiyo siagi ihesabu ng'ombe mmoja wa mahari!"

"Kwetu hatuozi kwa siagi, lete ng'ombe mzima!"

Tukacheka.

Zikaiva, nyumba nzima inanukia! Agnetha akala mbili, za moto moto. Mimi hata sijaonja.

Nusu saa haikuisha... mtoto chini!

Mbuke alisikia kelele, akaja mbio. Akaingia jikoni kwangu, akatoka, akanyoosha mikono ambebe mtoto.

"Usimguse! Siagi yako umeitia nini?"

"Mama Agnetha, twende hospitali kwanza."

"Nyie mmekuja na ng'ombe wenu mkamaliza mashamba yetu, sasa mnamaliza na watoto!"

Watu wakaguna. Hakuna aliyeninyamazisha.

Mbuke alimnyakua mtoto, akasimamisha bajaji. Mimi nikarukia ndani.

Njiani nikafanya nini? Nikarekodi sauti, nikairusha kwenye grupu la jumuiya yetu.

"Msinunue maziwa kwa Mbuke, ni sumu!"

Na yeye amekaa pembeni yangu, amempakata mwanangu, anasikia kila neno...

Tulipofika, daktari akauliza, "Amekula nini? Semeni haraka!"

Nikafungua mdomo niseme siagi.

Mbuke akafungua pindo la kanga yake. Akatoa kopo langu la beking pauda.

"Daktari, nimelikuta jikoni, wazi, pembeni ya unga. Nimelinusa. Hii ni dawa ya mahindi."

Nikakaa sakafuni.

Ni mimi!

Baada ya mavuno, pakiti ya dawa ya kuhifadhia mahindi ilichanika. Iliyobaki nikaimimina kwenye kopo tupu la beking pauda, nikalipandisha juu kabatini, nikasahau. Siku ya biskuti nina mafua, harufu siipati. Nikachota kwa kijiko changu mwenyewe, nikidhani ni beking pauda.

Jamani... wakati namtukana na kabila lake, kopo alikuwa nalo kiunoni! Angelinyanyua tu, aibu yote ingenirudia pale pale.

Siku ya tatu wodini, Agnetha akaomba uji. Ndipo nikapata uso wa kumuuliza.

"Mbuke, kwa nini hukusema mbele ya watu?"

"Ningesema ungebisha. Tungebishana, mtoto anakata roho."

Basi. Akaendelea kumpoozea uji.

Agnetha ni mzima. Mbuke ndiye sijamponya. Sauti niliifuta, lakini ilishafika Katindiuka, ikafika mpaka Mang'ula. Kila asubuhi anapita na madumu ya maziwa, anarudi nayo yamejaa.

Jana nilinunua lita tano, nikanywa kikombe kizima barabarani watu wakiona. Mmoja akasema, "Huyu naye kalogwa." Mbuke akainama, akafunga dumu lake.

Mama mwenzangu, dawa ya shamba usiihamishie kwenye kopo la chakula, hata kidogo, hata kwa siku moja! Na mtoto akizidiwa, taja alichokula kabla hujatafuta wa kumlaumu.

Na wewe uliyeirusha ile sauti yangu, nakupigia magoti. Wote uliowatumia ile, watumie na hii. Sumu niliiweka mimi, Mama Agnetha. Maziwa ya Mbuke ni masafi.