Mtoto wa Pomboo

Kila jioni Wakili alimbembeleza mdogo wake huku mama akimalizia nguo za wateja kwenye cherehani. Jina la Wakili alibandikwa na wenzake darasani kwa kupenda ubishi. Ukimwambia jua limezama, anataka ushahidi.

Jioni hiyo, mtoto alipolala, alikunjua karatasi ya kazi ya shule. Yeye na rafiki yake Kidoti walitakiwa kuchora kindi na pomboo, kisha waonyeshe mchoroni na kueleza wanyama hao wanafanana kwa lipi. Wakili alikuwa amemchora kindi mtini, na mkia wake wa manyoya tele. Kidoti alikuwa amemchora pomboo baharini, na chini ya tumbo lake, mtoto akinyonya.

"Samaki anyonyeshe? Makubwa haya," Wakili alicheka peke yake. Hakumuuliza mtu. Alichukua rangi ya bluu, akampaka yule mtoto mpaka akapotea kabisa.

Kesho yake mwalimu alibandika karatasi yao ubaoni.

"Mmoja wa mtini, mwingine wa baharini. Haya, wanafanana kwa lipi?"

"Wote wananyonyesha," Kidoti alijibu taratibu. "Pomboo si samaki, mwalimu. Hata hewa huja kuivuta juu ya maji."

"Vizuri sana. Sasa mbona hukumchora mtoto wake? Hapo nitakukata alama."

Kidoti aliitazama ile bluu, akamtupia jicho Wakili, kisha akainama.

Wakili angeweza kunyamaza tu, nani angejua? Lakini alimpenda rafiki yake, na kule kuinama kwake bila kumtaja kulimuuma kuliko matusi.

"Alimchora, mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyemfuta. Nilidhani najua. Nisamehe, Kidoti."

Darasa zima lilipigwa na butwaa. Wakili kukubali kosa? Kidoti akatabasamu, akampa chaki nyeupe. "Mchore wewe. Mimi nitakuelekeza."

"Kukosea si aibu, wanangu," mwalimu alisema kwa upole. "Ila usichokijua, kiulize kabla hujaharibu kazi ya mwenzako. Na ukikosea, sema mwenyewe, kama alivyosema Wakili."

Jioni mama aliacha cherehani amnyonyeshe mtoto. Wakili akakaa karibu, akamshika mdogo wake kidole cha mguu.

"Kumbe wewe na pomboo ni ndugu," alimnong'oneza.

"Usinitanie mwanangu," mama akasema, akicheka. Kwa mara ya kwanza Wakili hakubisha.