Nilza Hakuwa na Deke

Jirani zangu wa Chuno, sogeeni, na wenye uke wenza wakae mbele. Nyumba ya Fadhili, kuli wa bandarini, ilikuwa na utulivu wake: wake wawili, jiko moja. Nilza, mke mdogo, mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, alimenya mihogo huku anaimba. Mwanaisha, mke mkubwa, alimsahihisha chumvi, na nyimbo pia.

Asubuhi moja Nilza hakuimba. Alikaa kitandani macho wazi, kimya. Hata inzi akimtulia usoni, hapepesi macho. Fadhili akawa anamlisha uji kwa kijiko, anamfuta midomo kwa upole ambao Mwanaisha hakuuona hata siku ya harusi yake. Wivu ukampanda.

"Bibi, huyo ana pepo wa kutaka kanga," aliniambia. "Akinunuliwa doti utamsikia anavyoongea."

"Mimi nimeolewa mara tatu, deke nalijua. Deke huisha ubwabwa ukiiva. Huyu mpelekeni hospitali."

"Yaani abebwe hadi mgongoni? Mimi nilikwenda kujifungua mapacha kwa miguu yangu."

Ikaja meli ya kupakia korosho, Fadhili akawa anashinda na kukesha bandarini. Kijiko akamwachia Mwanaisha. Naye akaweka kikombe cha maji karibu na mkono wa Nilza, akafunga mlango.

"Kiu itamfundisha adabu."

Kesho yake maji yalikuwa vilevile, na midomo ya Nilza imepasuka. Mwanaisha alipomgusa, mwili unachoma. Alinijia mbio, kichwa wazi. Tukamwita Fadhili, tukampakia mgonjwa kwenye bajaji hadi hospitali.

Daktari wa magonjwa ya akili aliuinua mkono wa Nilza, akauachia. Ukabaki hewani.

"Huyu hajifanyi," akasema. "Ni ugonjwa. Anatusikia, ila mwili haumtii. Amekunywa lini mara ya mwisho?"

Fadhili akamgeukia Mwanaisha, aliyemwachia kijiko.

Nilza akatundikiwa maji, akachomwa sindano. Siku sauti iliporudi, Nilza alimgeukia mke mwenzake, bila hasira.

"Dada, nilikuomba maji usiku kucha. Sauti ndiyo haikutoka."

Tangu hapo Fadhili hali chakula cha Mwanaisha. Aliyeogopa kunyang'anywa mume, kamtoa kwa mkono wake.

FUNZO

Mtu akinyamaza ghafla, hali, hanywi, msimpime kwa wivu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na mchunge ndimi mbele yake, maana asiyejibu anasikia. Wivu kama hauwaachi, mwoneeni huo wivu mwenzenu akiwa mzima, aweze kuwajibu.