Uzi wa Pembeni

Mtaani walimwita Mama Mkasi, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa cherehani, futi shingoni, mkasi mdogo umetundikwa kwa kamba kifuani, na mkono wake haukujua kutulia. Akiona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mtu, awe mteja, awe abiria mwenzake kwenye basi, kacha! Ameshaukata kabla ya kuomba ruhusa. Wengine walimshukuru, wengine walimfokea. Yeye alicheka tu na kusema, "Nisamehe, ni huu mkono, si mimi."

Jumamosi hiyo ilianza vizuri kabisa. Jua limechomoza, nguo za wateja zimekamilika, yeye na mdogo wake wa kike wakatoka kwenda kununua skafu. Mama Mkasi ndiye aliyemlea mdogo huyo tangu mama yao alipofariki, na mwaka huo nusura ampoteze. Ugonjwa ulimlaza miezi, dawa zikamnyonyoa kichwa chote. Sasa alikuwa amepona, nywele zimeanza kuchipua, laini na fupi mno, na Jumatatu angerudi kazini kwake, mapokezi ya hoteli. Alitaka kitu cha kufunga kichwani ambacho kingewafanya watu waseme amependeza. Pole alikwisha kuzichoka.

Walianzia kwenye maduka ya vioo, yale ya skafu za wabunifu wenye majina, ambako muuzaji anakutazama viatu kwanza ndipo aitikie salamu. Mama Mkasi aligeuza pindo la hariri, akaguna.

"Mtu kaweka jina lake kubwa hapa mbele, huku nyuma kashona utadhani anakimbizwa."

"Dada, punguza sauti," mdogo alinong'ona, kicheko kimemkaba. "Tutafukuzwa."

"Watufukuze. Kushona hawajui."

Nyuma ya maduka hayo, juu ya ngazi nyembamba, walikuta chumba cha mama mmoja mfumaji. Kilijaa fremu kubwa ya mbao iliyotandwa nyuzi, na kuta zake zilitundikwa skafu za kufumwa kwa mkono, kazi safi ambayo hata Mama Mkasi alikosa la kuisema. Ila kila skafu ilikuwa na uzi mmoja mrefu ulioachwa ukining'inia pembeni. Kiganja kilimwasha.

Mdogo alipenda ya zambarau, akatoka nayo kwenye kioo cha ukumbini. Hapo mfumaji akasimamisha kazi na kuutazama ule mkasi kifuani.

"Wewe ni fundi."

"Ndiyo, mama."

"Basi nisikilize. Ule uzi wa pembeni usiuguse. Skafu inajua imekwisha kwa sababu uzi wake upo. Ukiukata, itadhani kazi bado. Itajitafutia uzi mwingine."

Mama Mkasi alicheka. Yule mama hakucheka.

Jumatatu asubuhi mdogo alisimama mbele ya cherehani, uso unang'aa, skafu kichwani. "Dada, hebu nifungie vizuri kwa nyuma." Mama Mkasi akafunga, akanyoosha kona, akaona uzi unaning'inia. Kacha!

Mkono ulikata kabla kichwa hakijakumbuka. Kipande kilianguka sakafuni. Kikajikunja. Kikatulia.

"Nini hicho?"

"Hamna kitu," alisema, akikisukuma kwa mguu chini ya cherehani. "Geuka nikuone. Mashallah! Watakukoma leo."

Jioni mdogo alirudi akicheka, kila mgeni kamsifia. Skafu iliyokuwa ikiishia shingoni sasa ilimgusa mabega. "Vya kufuma hulegea," Mama Mkasi alimwambia. Kesho yake ilifika kiunoni. Mdogo alipoivua na kulala kupumzika, kajifunika shuka gubigubi, dada mtu alichukua futi na miwani, akakaa dirishani kuichunguza kwa jicho la kazi yake.

Kitambaa hakikulegea. Kiliongezeka. Pindo la zamani lilikuwa palepale, na baada yake ilianza mistari mipya, myeusi. Nyuzi zake zilikuwa fupi kuliko ukucha, zimeungwa bila fundo. Aliipitishia kidole mistari hiyo. Ilikuwa na joto.

Akaenda kitandani, akamfunua mdogo wake kichwa. Upara mtupu. Hata nyusi zilikuwa zimeanza kupungua.

 Aliifungia skafu kabatini, akatia ufunguo mfukoni. Asubuhi aliikuta kichwani mwa mdogo wake, imefungwa vizuri kwa nyuma. Nyusi hazikuwepo. Kope hazikuwepo. Midomo ilikuwa mikavu, na sauti ilitoka kwa shida.

"Dada, ugonjwa umerudi?"

Hapo ndipo angeweza kusema.  Angemwambiaje, kwamba mkono uliomlea ndio unaomuua? "Haujarudi," alijibu. "Lala. Nakuja sasa hivi."

Aliifungua ile skafu, akaitia kwenye mfuko, akatoka mbio mchana ule kweupe. Njiani mfuko ulizidi kuwa mzito. Kitu ndani yake kilijigeuza.

Mfumaji hakuinua macho. "Nani aliyekata?"

"Mimi, mama. Nakuomba. Mdogo wangu hana kosa."

"Ilichukua uzi wa karibu. Inataka mwisho wake."

"Basi ichukue kwangu."

Mama yule alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko yote. Akachukua sindano ndefu. "Inama."

Alihisi mchomo kisogoni, mmoja tu. Halafu uzi ukipita, polepole, chini ya ngozi. Mfuko ukatulia.

"Sasa mwisho wake ni wewe," mfumaji alinong'ona, akiitundika skafu ukutani. "Ujilinde na mikasi."

Mdogo alipona upesi hata yeye akashangaa. Kope zilirudi, nyusi zikarudi, nywele zikachipua nyingi kuliko mwanzo. Alipoiulizia skafu yake, dada alimwambia ameirudisha dukani, ilikuwa inachuja rangi. Alimwamini. Hakuwahi kudanganywa na dada yake.

Mama Mkasi, yeye, alibadilika. Alianza kufunga kilemba hata ndani ya nyumba, tena kwa kukishusha hadi shingoni. Aligeuza cherehani, akawa anashona mgongo ukutani. Mteja akipita nyuma yake, anaruka. Mkasi wa kifuani akauvua, akautundika kwenye msumari. Mdogo aliyaona yote hayo, yakamuuma. Alisema moyoni kwamba dada amezeeka kwa kumuuguza, na sasa ni zamu yake kumtunza.

Alasiri moja alirudi kazini mapema, mchangamfu, na mandazi ya moto mkononi. Joto lilikuwa kali. Mama Mkasi alikuwa amesinzia juu ya cherehani, kilemba kimemteleza. Mdogo akatabasamu. Chini ya nywele za dada yake palikuwa na uzi unaning'inia. Wa zambarau.

Aliutoa mkasi kwenye msumari.

"Miaka yote unanikatia nyuzi mimi," alinong'ona kwa utani. "Leo zamu yangu."

Mama Mkasi alihisi ubaridi wa chuma kisogoni. Akafumbua macho. "Usi..."

Kacha.

Dada mtu aligeuka, akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Kisha akamshika shavu, akampapasa nyusi, moja baada ya nyingine. "Si kitu, mama," alisema. "Umefanya vizuri. Nenda ukalale kwa jirani leo." Mdogo alicheka, akadhani ni mzaha, na usiku akalala chumbani kwake.

Asubuhi kiti cha cherehani kilikuwa kitupu. Viatu vya dada vilikuwa chini yake, futi mezani, mlango umefungwa kwa ndani. Kitini palikuwa na skafu iliyokunjwa vizuri, nyeusi yenye mvi hapa na pale, laini ajabu. Bado ilikuwa na joto.

Walimtafuta kila mahali. Mdogo alilia mpaka sauti ikamkauka. Na alipochoka kulia aliichukua ile skafu, akainusa, akasikia harufu ya dada yake, akaigeuza kwenye mwanga jinsi alivyofundishwa. Kazi safi. Pindo limenyooka, pembeni hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia.

Akajifunga kichwani.